Jaribio la Mwisho la Zawena

Wanafunzi wa chuo hawangejaza tena fomu za kuwatathmini wahadhiri. Wangevaa bangili darasani, na programu yake ingesoma mapigo ya mioyo yao na kuandika tathmini yenyewe.

Kazi ya Zawena ilikuwa kuijaribu programu hiyo kabla chuo hakijaipokea. Kwa wiki tatu alifichua makosa arobaini, yote yakarekebishwa. Lilibaki jaribio moja, akalifanyia nyumbani. Alivaa bangili, akamwomba mumewe, mhadhiri Kilumbe, amsomee mhadhara wa kesho.

Kilumbe alisimama kando ya meza ya chakula, akaeleza habari za mmomonyoko wa udongo kwa nusu saa nzima.

"Umeuonaje?" akauliza.

"Mzuri sana, Baba Subira. Umetulia."

Kwenye simu ya Zawena, iliyounganishwa na bangili, yakatokea maneno: *Msikilizaji alichoka dakika ya tatu. Anamsifu mhadhiri kwa kumhurumia.*

Kilumbe aliyasoma akichungulia juu ya bega la mkewe. "Hilo nalo ni kosa," alisema. "Liandike."

Angeliandika, programu ingerudi kwa waundaji miezi sita. Lakini Zawena hakuwahi kutia saini jambo asiloliamini.

"Si kosa, Baba Subira. Imesema kweli."

Asubuhi alitia saini kuipitisha programu. Jioni, walipokuwa wakila, akamwuliza mumewe darasa lilikwendaje. Kilumbe, ambaye siku zote angesimulia mpaka ugali upoe, alijibu, "Salama," akaendelea kula.