Kiti cha Nne

Kitu cha kwanza Mashavu alichokiona mkahawani, katika mji ule mkubwa wa ugenini, ni kwamba meza ilikuwa na viti vinne, na wao walikuwa wanne: yeye, Mama Nuhu na mumewe waliomwajiri, na mtoto wao. Mhudumu aliweka sahani nyeupe mbele ya kila kiti. Hakujua kwamba Mashavu ni yaya.

Mama Nuhu akafungua mkoba, akatoa bakuli la bati la Mashavu, ambalo kule nyumbani halikuchanganywa na vyombo vya wengine. Alikuwa amevuka nalo bahari.

"Kasimame pale mlangoni. Tutakubakizia."

"Mwache akae," mumewe alisema. "Huku nani anatujua?"

"Leo kiti, kesho atataka kitanda changu!"

Mashavu alimketisha mtoto. Kisha akavuta kiti cha nne, akakaa.

"Inuka! Watu wanatazama."

"Watazame, mama."

Mhudumu alirudi na mkate wa moto. Akalipokea bakuli mkononi mwa Mama Nuhu, akaligeuzageuza, asijue aliweke wapi.

Mashavu akaishika sahani nyeupe kwa mikono miwili. Kwa miaka sita ya kuwatumikia hakuwahi kulitamka mbele yao neno alilolisema sasa.

"Nina njaa," alisema.