Sahani Hairudi Tupu

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na bei yake ya unga, na nyumba yenye ziada iliuziwa ghali. Bi Zuwena, mjane, alikwenda dukani akiwa na saumu yake na fedha za kibaba kimoja. Mashine ya kupanga bei ikamtazama uso, ikazikataa.

"Umepandishwa bei," alisema muuzaji. "Kuna aliyeleta picha ya futari uliyogawa. Anayegawa ana ziada."

"Ziada? Nilijinyima!"

"Mashine haijui kujinyima, mama. Inajua sahani."

Pichani aliiona sahani yake ya maua ya buluu, aliyompelekea jirani yake Mwanamkuu jana.

"Na aliyeleta anapata nini?"

"Unga wa bure."

Alirudi mikono mitupu. Kabla ya magharibi Mwanamkuu akabisha hodi, macho chini.

"Sahani yako, shoga. Hairudi tupu, ati."

Ilijaa sembe, nyeupe pe.

Bi Zuwena akapokea, akashukuru, akasonga ugali. Mkono ukamega fungu la jirani kwa mazoea. Akalirudisha sufuriani, na Ramadhani hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, akafunga mlango kabla ya kufuturu.