Nakala ya Kitwana

Siku hizi kila mgonjwa hudungwa dawa inayorekebisha seli zake kwa kufuata nakala ya DNA yake iliyohifadhiwa alipozaliwa. Kitwana alidungwa, saratani ikapona. Baada ya mwezi, mkewe Mwanakombo aliona uso wake unabadilika.

“Tulikosea, tukatumia nakala ya mtu mwingine,” daktari alikiri. “Seli za mumeo zinaifuata hiyo.”

“Basi zizuieni!”

“Samahani, mama. Zikishaanza hazizuiliki.”

Wakarudi nyumbani. Kitwana alijitazama kwenye kioo cha ukumbini.

“Nimebadilika sana?” aliuliza kwa sauti ngeni.

“Hata kidogo,” alijibu Mwanakombo, akamshika mkono.

Ijumaa binti yao alirudi kutoka shule ya bweni. Alimwamkia Kitwana shikamoo kwa adabu, kisha akamgeukia mama yake.

“Mama, baba yuko wapi?”