Pembe Ngapi, Kidawa?

Jambo la mwisho la kawaida siku ile lilikuwa Beberu kumfuta bintiye Kidawa tope kwatoni kabla hajaingia uwanjani. Beberu ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya Mbuzi, na lilibaki bao moja tu watwae kombe.

Mpira ukapaa. Kidawa akaurukia, akagongana kichwa na Ngiri wa timu pinzani, akaanguka chini.

Mbuzi wana desturi yao: aliyegongwa huulizwa kocha ana pembe ngapi. Akijibu sawa anarudi kucheza, kwani wanaamini kichwa cha mbuzi kiliumbwa kugongwa.

"Pembe ngapi, Kidawa?"

"Mbili."

"Mzima huyo!" Nyani akapaza sauti pembeni. "Mrudishe, Baba Kidawa! Au unamdekeza?"

Beberu alikuwa karibu kumrudisha. Kidawa akamshika ndevu.

"Baba, mwambie mama asiondoke. Namfungia bao."

Mama huyo walimzika kabla ya masika.

"Anatoka," Beberu akasema.

"Lakini amejibu sawa!" Nyani akapinga.

"Anatoka. Twende kwa tabibu."

Mbuzi walifungwa, na Nyani akawazomea njia nzima. Tabibu alisema pigo la pili lingeweza kumuua.

Asubuhi yake Beberu aliwakusanya Mbuzi. "Pembe zangu hazitahesabiwa tena," akasema. "Anayegongwa kichwa anatoka."

Aliporudi nyumbani alimkuta Kidawa analia. Alikuwa amekumbuka kwamba mama hayupo tena. Beberu akaketi kando yake, akashukuru.