Kifuniko cha Kopo la Sukari

Tangu wamzike mke wake, hii ilikuwa asubuhi ya kwanza fundi saa kuwasha jiko mwenyewe. Aliponda kwa uma ndizi mbili zilizoiva hadi maganda yakawa meusi, akazichanganya na unga, yai na maziwa. Sukari hakutia. Miaka tisa, tangu daktari amkataze, marehemu alimpikia chapati za maji namna hiyo hiyo, utamu wote ukitoka kwenye ndizi, naye miaka tisa alinung'unika.

Chapati ya kwanza ilipoanza kutoboka vitundu, macho yake yalikwenda kwenye kopo la sukari ya wageni.

Kopo lilikuwa la bati, na kifuniko chake kilikuwa mmbeya. Ukifungue polepole utakavyo, kitalia tu. Fundi alijifunza kukohoa kila anapokifungua, lakini hakufua dafu. Sauti ya mkewe ilikuwa ikimfuata kutoka chumbani: "Mzee, hicho kikohozi nakijua! Rudisha kijiko!"

Leo alikohoa kwa mazoea, akafungua. Kifuniko kililia.

Akasimama na kijiko mkononi, shingo ameigeuzia mlango wa chumbani. Kule ndani zilisikika saa zake za ukutani tu.

Akakifunga. Akakifungua tena, safari hii bila kukohoa, kwa nguvu.

"Naweka," alisema. Kisha akapaza sauti: "Nasema naweka! Vijiko viwili!"

Chapati ikaanza kunuka kuungua, naye bado ametega sikio.