Siku Daktari Alipoinua Uso

Daktari alilifunga faili, akalisukuma hadi ukingoni mwa meza, kisha akainua uso. Mwanamume aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia akasita mlangoni.

"Karibu, kaka. Sogeza kiti, kaa hapa karibu."

Tangu aanze kupasua watu, Daktari hakuwahi kumpokea mgonjwa hivyo. Kawaida yake ilikuwa kusoma faili huku anaongea, kuandika huku anasikiliza, na kumaliza kabla kiti hakijapata joto. Foleni ilianzia mlangoni pake ikapinda hadi kwenye ngazi, na mpasuaji alikuwa yeye peke yake. Angefanyaje? Alikuwa hoi.

Ila wiki ile sista wa kliniki, mama asiyejua kumung'unya maneno, alikuwa amemwambia ukweli. "Daktari, unajua wagonjwa wamekupachika jina? Wanakuita Bi Utosi. Ndicho wanachokiona wakija kwako, utosi tu. Uso wako hawaujui."

Daktari alicheka. Kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu alimkumbuka yule mwenye uvimbe wa utumbo, aliyekuja miezi kadhaa nyuma. Sura yake hakuikumbuka hata kidogo. Utumbo wake aliukumbuka vizuri. Alikuwa amemwambia, macho yakiwa kwenye karatasi: "Una uvimbe, tutaukata, utavaa mfuko wa choo tumboni, weka saini hapa." Mtu yule akajibu, "Nimeelewa, Daktari," akatoka, na siku ya upasuaji hakuonekana.

Uvimbe ule ulikuwa wa kutibika kabisa. Hilo ndilo lililomkereketa. Akaomba atafutwe, na sista akapiga ile namba iliyoandikwa kwenye faili mpaka akakata tamaa. Jana ndipo simu ilipopokelewa. "Nitakuja kesho," sauti ilisema. "Tutaongea tukionana."

Na sasa jina lilikuwa limeitwa, mtu akainuka kwenye benchi, na huyu hapa. Alikuwa na mvi nyingi kuliko Daktari alivyotegemea. Ugonjwa humzeesha mtu, alijiambia.

"Daktari, mimi nimekuja ku..."

"Subiri kidogo, kaka yangu. Leo naomba nianze mimi, maana nina deni la samahani." Maneno haya hakuyazoea. "Siku ile nilisema vibaya. Habari nzito kama ile, nami nikaisema kama naagiza chai. Ulikimbia, na sikulaumu. Nisamehe."

Mwanamume akashusha macho hadi kwenye viatu vyake.

"Ilikuwa hofu, Daktari," alisema hatimaye. "Ule mfuko. Mtu anajiuliza atalalaje na mkewe. Atapandaje basi, watu wakisikia harufu."

"Hata mimi ningeogopa."

Daktari akachukua karatasi tupu, akachora tumbo, akachora utumbo ukizunguka kama bomba la kumwagilia bustani. Akaonyesha uvimbe ulipo, atakapokata, atakapounga. Mfuko, akaeleza, ni wa muda tu, hadi kidonda cha ndani kipone, kisha unaondolewa. Haunuki ukifungwa vizuri. Shati likiteremshwa, hakuna anayejua.

"Ni wa muda?" mwanamume aliuliza. "Haukai maisha?"

"Wa muda. Sikukuambia?"

Daktari aliona aibu ikimpanda shingoni, kwa kuwa alijua hakusema.

"Unafanya kazi gani? Hata hilo sikukuuliza."

"Tunashona nguo. Tuna kibanda chetu."

"Basi cherehani utairudia. Usinyanyue majora mazito tu kwa muda."

Kule nje mtu alikohoa kwa hasira za foleni. Sista akachungulia, akawaona wameinamia mchoro vichwa vikikaribia kugongana, akarudi zake taratibu.

"Daktari, nikuulize. Wanaokubali mapema, siku ileile wanapoambiwa, huwa wanapona?"

Lilikuwa swali zuri, na Daktari alifurahi kuulizwa. "Wengi wanapona, kaka. Wanarudi kazini, wanalea watoto wao. Na usijilaumu kwa kuchelewa. Bado tunaweza kupigana."

Mwanamume alijifuta uso kwa kiganja, kisha kwa mkono wa shati. Alilia bila sauti, na Daktari, ambaye angeshamwita sista siku nyingine, alimwacha alie. Alikuwa amechoka vilevile, lakini uchovu wa leo aliuona una faida.

"Hebu niambie wewe sasa," alisema kwa upole, "kwa maneno yako, umeelewa nini?"

Mwanamume aliuvuta mchoro, akaufuata kwa kidole. "Hapa ndipo penye uvimbe. Unakatwa. Huku na huku panaungwa. Mfuko unakaa mpaka pakauke, halafu unatolewa. Mtu anarudi kwenye cherehani yake." Akakunja karatasi polepole. "Naweza kuondoka nayo? Nataka mama aione."

"Chukua, ni yako. Na Alhamisi nimekutengea. Nitakupasua mimi mwenyewe, sitamwachia mtu. Tumekubaliana?"

Mwanamume alisimama, akaupokea mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Jana kwenye simu nilishindwa kulisema, Daktari. Hiyo Alhamisi mpe mgonjwa mwingine. Mdogo wangu tulimzika Jumapili."