Gari la Mkwe

Mkwe alifika gereji akipiga honi mfululizo, kana kwamba lango lilikuwa ng'ombe aliyelala njiani. Fundi hakujihimu. Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, ndipo akafungua.

"Fundi, mpaka saa hizi umelala?"

Tangu amwoe binti wa fundi, hakuwahi kumwita Baba hata kwa bahati mbaya.

Gari lilikuwa kuukuu, limefungwa turbo iliyong'olewa kwenye gari jingine lililopata ajali. Mkwe alilipenda kuliko nafsi yake. Lakini kila akilikanyaga, turbo ilisukuma hewa nyingi, mafuta yakashindwa kuifuata, na injini ikagonga kama sufuria inayopigwa kijiko.

"Presha ya mafuta ni ndogo," fundi alisema. "Nunua kidhibiti kipya cha presha, kile kinachorekebishwa kwa skrubu."

"Sinunui kitu. Kibane hichohicho cha zamani. Wenzako wanabana."

"Kubana ni kubahatisha."

"Basi bahatisha vizuri. Na usilitoe hapa. Usukani wa gari langu naushika mimi tu."

Akaondoka bila kuaga. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

Siku ile fundi alipomzika mkewe, binti yake alikuja na kitambaa shingoni, na jua lilikuwa la kuchoma utosi. Kitambaa kilipoteleza, fundi aliona alama nne upande mmoja na moja upande wa pili. Nilijigonga mlangoni, binti alisema. Mlango gani wenye vidole? Fundi alimfuata mkwe hadi nyumbani kwake, lakini aliyesimama kizingitini kumzuia alikuwa binti mwenyewe. "Baba, ndoa yangu haikuhusu. Rudi nyumbani." Nyuma yake, mkwe alikuwa anatabasamu. Tangu hapo baba na binti walizungumza kama watu wanaodaiana maneno.

Alianza kazi. Alifungua kidhibiti, kikopo cha chuma kisichozidi yai, akakibana kwenye jiriwa na kuzungusha mkono wa jiriwa taratibu ili kichwa cha kikopo kididimie na kukaza springi iliyomo ndani. Ukibana kidogo hupati kitu. Ukizidisha kinapasuka, unakitupa. Alikirudisha, akaunga geji ya presha, akawasha, akasoma, akazima, akakifungua tena. Jasho lilimtiririka mpaka ndani ya masikio. Alasiri mshale ulisimama pale alipoutaka, na kila alipovuta waya wa mafuta injini ilinguruma bila kugonga. Kazi safi. Ilimuuma kwamba ni safi.

Simu iliita. Binti yake.

"Gari limekwisha?"

"Hata shikamoo siku hizi hakuna?"

"Shikamoo. Limekwisha?"

"Limekwisha."

"Litapanda ule mlima mkubwa bila kusumbua?"

"Amekutuma yeye?"

"Nijibu tu, Baba. Litapanda?"

"Litapanda kama paka."

Simu ikakatwa. Hata asante hakuna. Fundi alibaki ameikamata, damu ikimchemka. Kumbe sasa ni tarishi wa mumewe! Mume anamkaba, na bado yeye anamuulizia gari!

Alirudi kwenye injini. Kulikuwa na mpira mwembamba unaotoka kwenye njia ya hewa hadi kwenye kidhibiti. Ndio unaokipa habari kwamba turbo inapuliza, kipandishe presha. Akauchomoa, akasokomeza ndani yake gololi moja ya baiskeli, akaurudisha mahali pake. Kwa macho, hakuna kilichobadilika. Gari likiwa limesimama, geji ingesoma vilevile. Mjini lingekwenda vilevile. Lakini kwenye mlima, turbo ikipuliza kwa nguvu zake zote, mafuta yasingeongezeka, na pistoni zingeyeyuka kabla ya kilele.

Hakutaka kumuua. Gari lingezimika tu, lingesogezwa kando. Alitaka mtu yule asimame peke yake barabarani, akikitazama kitu anachokipenda kikifuka moshi, asijue amlilie nani.

Jioni mkwe alikuja, akainama kwenye boneti, akatazama mshale uliotulia.

"Unaona? Na wewe ulitaka ninunue kipya. Mafundi wote wezi."

"Ukifika mlimani likanyage," fundi alisema. "Hapo ndipo utaijua kazi yangu."

"Sihitaji uniambie pa kukanyaga."

Aliondoka akiitimulia gereji vumbi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, fundi alikula akamaliza sahani.

Kesho yake mchana simu iliita tena. Alipoona ni binti yake alivuta pumzi, akajiandaa kutukanwa. Mumeo amekwama, eh? Alikuwa na jibu tayari, amelilalia usiku kucha.

Kwanza alisikia upepo, kisha lori likipita, kisha watoto wakilia karibu sana na simu.

"Baba, nimemtoroka." Binti alikuwa anahema. "Alikuwa anaoga, nikachukua ufunguo na watoto. Nilitaka tufike kwa mama mdogo, ng'ambo ya mlima. Nilikuwa nasubiri hili gari lipone tu, ndiyo maana nilikuuliza jana, sikuweza kukwambia, alikuwa amesimama pembeni yangu. Sasa limezimika katikati ya mlima, linatoa moshi. Na pikipiki yake naiona huko chini, inapanda."

Fundi alikuwa anatazama kopo la gololi.

"Baba, uko hapo? Wewe ndiye umelitengeneza. Niambie upesi, naliwashaje?"